Oili Baridi Kwenye Kijiti

Mume wangu alikuwa bwana shamba, na kwa sehemu kubwa ya maisha yetu ya ndoa alikuwa na pikipiki moja tu, nyekundu, ya silinda moja, ambayo injini yake hupozwa kwa upepo. Haikuwa na rejeta wala maji. Hayo niliyajua siku tuliyochelewa ubatizo wa mtoto wa dada yake kwa sababu ya hiyo pikipiki.

Tulikuwa tumetoka nyumbani kwetu Zinga mapema, tukaiacha barabara kuu ya Dar na kuingia ndani, upande wa mashamba. Njia ile ina mchanga ambao mguu unazama. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya na nimepakata keki mapajani. Katikati ya njia akaisogeza pikipiki chini ya mkorosho, akaizima, akashuka.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu. Naipumzisha."

"Baba, watu wanatusubiri kanisani."

Akachuchumaa na kusogeza kiganja karibu na injini bila kuigusa, vile mama anavyopima homa ya mtoto aliyelala asije akamwamsha. "Kwenye lami upepo unaipiga, inapoa yenyewe," akasema. "Huku tunakwenda gia ya kwanza, gia ya pili, injini inahangaika na upepo hakuna. Kinachoiokoa ni oili peke yake. Na oili ikipata joto kupita kiasi inakuwa nyepesi kama chai ya rangi. Hapo vyuma vinaanza kulana."

Akapita mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja na baiskeli yake. "Shikamoo mwalimu. Imewazimikia?"

"Haijazimika, inapumua," mume wangu akamjibu kwa niaba yangu, akacheka.

Mimi sikucheka. Tulifika padri ameshamaliza kummwagia mtoto maji, na kwenye picha za siku ile sisi wawili hatumo.

Ndivyo alivyokuwa. Jumamosi asubuhi, wanaume wengine wakienda kunywa kahawa barazani, yeye aliketi uani na mswaki wa zamani akisugua tope lililoingia katikati ya mapezi, yale mabati membamba yanayoizunguka silinda. Alikuwa akisema kwamba pezi lililozibwa na tope ni sawa na dirisha lililozibwa kwa tofali. Hakumwagia maji injini yenye joto hata siku moja. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akaifikicha ile oili kati ya kidole gumba na cha shahada, akainusa. Kwa kunusa tu alijua kama imechoka. Mimi ni mtu wa bara, nimezaliwa kwenye baridi, nilikuja pwani kwa ajili ya ualimu, na nakumbuka nilikuwa nikimtazama kutoka mlangoni huku nikijiuliza ni lini aliwahi kunitazama mimi kwa makini kama yale.

Mwaka ule wa mwisho wa afya yake alirudi kutoka Dar na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Kilikuwa kirejeta kidogo, ukubwa wa daftari, kilichotolewa kwenye pikipiki kubwa iliyogongwa. Akanieleza kwamba hicho si cha maji. Oili inapita ndani yake, inapigwa na upepo kule mbele, kisha inarudi kwenye injini imepoa. Kilichobaki ni mipira miwili ya kupitishia oili na vyuma vya kukishikia, na kazi hiyo alitaka ifanywe na fundi wake wa siku zote, aliyekuwa na karakana yake Dunda, mjini Bagamoyo. Akakiweka kwenye boksi chini ya kitanda, akangojea mvua za vuli zipite.

Kabla hazijapita, kiharusi kikampiga. Alikuwa shambani kwa mama mmoja mkulima wa mananasi, anamwonyesha namna ya kupanga machipukizi, akaanguka katikati ya sentensi. Mama yule akamfunika kwa khanga asipigwe na jua na kuita watu, wakamleta barabarani kwa mkokoteni. Alipotoka hospitali, mkono na mguu wa kulia havikumtii tena, na ulimi ulikuwa mzito. Masikio yalikuwa mazima. Nadhani hata yalizidi kuwa makali.

Tulikihamishia kitanda chake, pamoja na lile boksi la chini yake, kwenye chumba cha mbele, chenye dirisha linaloangalia uani. Watoto wetu wote wawili walikuwa mbali, kila mmoja na kazi yake. Pikipiki nikaichukua mimi. Kuiendesha nilijua, alinifundisha mwenyewe kwenye uwanja wa shule, miaka ile tulipokuwa tukicheka pamoja zaidi. Shule yangu iko ndani, njia ile ile ya mchanga. Asubuhi nilikwenda, saa sita nikarudi kumlisha na kumgeuza, nikakimbia tena vipindi vya mchana, jioni nikarudi. Mara nne kwa siku, gia ya kwanza na ya pili, mkono umekaza mafuta, kwa sababu kila nilikokwenda nilikuwa nimechelewa.

Siku ya kwanza nilipoegesha uani, sauti yake ilitoka dirishani, maneno yakiburuzika.

"Umeipumzisha?"

"Nimeipumzisha," nikamjibu. Ilikuwa kweli. Nilisimama chini ya mkorosho kama alivyoniagiza, nikahesabu mpaka nikachoka kuhesabu.

Juma zima nilisema kweli. Kisha ikaja siku moja nilikuta ameteleza kitandani, nusu ya mwili iko chini, na ilionekana amekaa hivyo muda mrefu. Nilimwinua, nikamsafisha, nikabadilisha shuka. Nikiwa narudi shuleni nikaupita ule mkorosho bila kupunguza mwendo, na jioni nikaupita tena. Alipouliza, jibu lilinitoka kabla sijalifikiria. "Nimeipumzisha." Akaridhika. Sura yake ikalegea, akafumba macho. Nikaona kumbe uongo wenyewe ni mwepesi hivi, na unampa mgonjwa usingizi.

Tangu hapo jibu likawa kama kumwitikia mtu hodi. Aliuliza kabla sijavua viatu, nami nikajibu bila kumtazama.

Niseme ukweli wote, kwa kuwa hapa ndipo mahali pake. Kulikuwa na hasira ndani yangu. Mimi ndiye niliyelala saa chache, mimi ndiye niliyekuwa na mgongo unaouma, na mtu huyu swali lake la kwanza kila nirudipo lilikuwa juu ya injini. Nilikuwa nasema moyoni, ningekuwa chuma angeniuliza mimi.

Mvua za masika zilipokuja, tope la njiani lilianza kurukia nguo zangu. Sikutaka kuingia darasani nimechafuka mbele ya watoto. Nikachukua dumu la maji lililopasuka, nikalikata, nikalifunga kwa waya mbele ya pikipiki, kati ya gurudumu na injini. Nguo zikabaki safi. Sikuwaza kabisa kwamba kipande kile kilikuwa kimesimama mahali hasa upepo ulipokuwa unaingia. Au niseme niliwaza kidogo, nikaliacha wazo lipite. Na tope lililokwepa lile dumu liliingia kwenye mapezi likakauka humo. Ule mswaki sikuwahi kuushika.

Kuhusu kirejeta, aliniuliza mara tatu au nne.

"Umekipeleka kwa fundi?"

"Fundi anatafuta mipira," nilimwambia. Fundi hakuwa anatafuta chochote. Boksi lilikuwa bado chini ya kitanda, kitanda kile kile alicholalia. Kukipeleka kulitaka niiache pikipiki Dunda kutwa nzima, na kutwa nzima sikuwa nayo. Ndivyo nilivyojiambia. Jumapili mbili nilikuwa na nafasi, nikalala.

Yeye, kwa upande wake, alikuwa anapona. Alianza kukaa, kisha kusimama akishikilia dirisha, kisha kutembea na fimbo hadi choo cha nje na kurudi. Mhudumu wa mazoezi ya viungo pale hospitali alinambia kwamba wagonjwa wengi hawafiki hapo. Jioni moja niliporudi nilimkuta amesimama dirishani, anasikiliza. Nilizima injini. Ikaendelea kutoa vile vimlio vya chuma kinachopoa, tik, tik, tik, kwa haraka.

"Ina joto," akasema.

"Jua kali leo."

"Vali zinagonga. Niletee kijiti."

"Kijiti gani?"

"Cha oili." Akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima. "Nataka kuiona."

Nikarudi kwenye pikipiki, nikakifungua kile kijiti kwa tambara maana kilikuwa cha moto. Kilitoka na tone dogo jeusi nchani, jembamba, linanuka kama sufuria iliyoungua. Nilikitazama. Kisha nikaingia stoo, kwenye kopo la oili mpya alilokuwa ameliacha, nikakifuta kijiti mpaka kikang'aa, nikakichovya humo. Kilitoka na oili nzito ya rangi ya asali. Nikamletea.

Akaichukua kwa vidole viwili. Akaifikicha. Akainusa. Kisha akainua macho na kunitazama, kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama tangu augue.

"Ni nzuri," akasema.

"Si nilikwambia?"

Akanirudishia kijiti. Nilikwenda kupika nikijisikia mwerevu. Ile oili mpya niliijaza kidogo kwenye injini, ili nisiwe mwongo kabisa, kisha nikasahau.

Baada ya kama mwezi, yule mama mkulima wa mananasi alituma salamu. Shamba alilokuwa akionyeshwa siku ile ya kiharusi lilikuwa limeshika vizuri, na alitaka bwana shamba aje alione. Mume wangu alibadilika usoni. Alisema atakwenda, na atakwenda kwa pikipiki, nyuma yangu, si kwa bajaji, kwa kuwa bajaji haiwezi ule mchanga. Nilikataa siku mbili. Siku ya tatu nilikubali kwa sababu alikuwa ameshapiga pasi shati lake la kazini kwa mkono mmoja, na mikunjo aliyoiacha ilikuwa mingi kuliko aliyoiondoa.

Tuliondoka Jumamosi, kama saa nne asubuhi. Nilimfunga kwangu kwa khanga, kiunoni, na mkono wake wa kushoto ukashika bega langu. Lile dumu hakuliona; uani siku zote pikipiki niliiegesha mbele ikielekea ukutani. Alikuwa amepanda kwa shida na macho yake yote yalikuwa kwenye mguu usije ukagusa bomba la moshi. Barabarani alikuwa na furaha. Aliwasalimia watu kwa kuinua kidevu.

Tulipoingia kwenye mchanga, uzito wa watu wawili ukaanza kuonekana. Injini ilikoroma. Tulipoukaribia mkorosho akanigonga begani.

"Simama. Ipumzike."

"Tumekaribia, baba."

"Simama, mwalimu."

Alikuwa akiniita hivyo tangu tulipochumbiana. Nilisikia kila neno. Lakini nilikuwa nimeshalijua jua lile, na kumshusha na kumpandisha tena ilikuwa kazi ya dakika ishirini, na nilitaka tufike, nimkalishe kivulini, nami nikae. Nikaongeza mafuta. Akanigonga tena, mara mbili, kwa nguvu zaidi. Sauti ya injini ilibadilika, ikawa kavu, kama mtu anayesaga mchanga kwenye meno, na nguvu ikapungua ingawa mkono wangu ulikuwa umekaza mpaka mwisho.

Ikanata. Sijui namna nyingine ya kusema. Gurudumu la nyuma lilisimama ghafla huku sisi bado tunakwenda, pikipiki ikajipinda, ikalala upande wa kulia. Haukuwa mwanguko mkubwa. Mimi niliinuka bila jeraha hata moja. Lakini upande wa kulia ndio upande wake usiojua kujikinga, na nilikuwa nimemfunga kwangu kwa khanga, kwa hiyo uzito wangu wote ulimwangukia nyongani.

Hakupiga kelele. Alikuwa amelala kwenye mchanga, uso umeelekea injini, na pale chini, sentimita chache kutoka machoni pake, akaona kila kitu. Aliona dumu langu na waya zake. Aliona mapezi yaliyojaa tope kavu kama kichuguu. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka.

"Imeungua," akasema taratibu.

Nilimwambia anisamehe. Sijui kama alisikia, maana ndipo maumivu yalipomfikia.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Walimpasua Dar, wakamwekea chuma, na kazi yao waliifanya vizuri. Lakini mwili ule ulikuwa umeshatumia akiba yake yote kujifunza kutembea mara ya pili, na haukuwa na ya mara ya tatu. Alirudi nyumbani kwenye kiti cha magurudumu. Yupo kwenye kiti hicho mpaka leo.

Alipokuwa bado wodini, nilikwenda Dunda, kwenye karakana ilikopelekwa pikipiki. Fundi alikuwa ameshaifungua injini, na pistoni ilikuwa juu ya gunia, imechanika ubavuni kama imeparuliwa na kucha.

"Madam," akasema, "hii haikufa juzi. Ilianza kufa siku nyingi. Oili ilikuwa kikombe kimoja tu humu ndani." Akalinyanyua lile dumu, akaligeuza. "Na hili nani kaweka?"

"Mimi."

Akaliweka chini polepole. "Mzee hakukwambia chochote?"

"Aliniambia," nikasema. "Kila siku."

Nilirudi nyumbani siku ile, nikalivuta boksi kutoka chini ya kitanda, nikampelekea fundi kile kirejeta amfungie mtu mwingine yeyote anayekihitaji. Pikipiki sikuitengeneza. Niliomba uhamisho, nikapata shule iliyo karibu na barabara, na huko naenda kwa miguu.

Yapata miezi mitatu baada ya yeye kurudi, jioni moja nikiwa namkata kucha, nilishindwa kuendelea kunyamaza. Nikamwambia habari za mkorosho niliokuwa nikiupita. Nikamwambia habari za kirejeta na mipira ambayo hakuna aliyekuwa akiitafuta. Mwisho nikasema, "Na ile oili ya kwenye kijiti niliichovya kwenye kopo."

"Najua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Ulikuwa umeingia sasa hivi. Injini inalia. Oili ilikuwa baridi."

Niliuweka mkasi chini. "Kwa nini hukusema, baba? Ungenigombeza, ungenipigia kelele, ningesimama."

Alihangaika na ulimi wake. Siku hizi ukichoka unamsumbua zaidi. "Niliona umechoka," akasema. "Nikaona ukijua kwamba najua, utaacha kuja hapa dirishani."

"Ulikuwa unaijali injini tu. Kila siku injini."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeambiwa jambo asilolitegemea kabisa. "Ikipumzika," akasema, "si na wewe unakaa kivulini?"

Sijawahi kumweleza mtu jinsi sentensi ile ilivyoniingia. Mwaka mzima nilikuwa nasubiri aniulize kama nimepumzika, na mwaka mzima alikuwa akiniuliza, kwa lugha pekee aliyokuwa nayo, na mimi nikawa namjibu ndiyo.

Alinisamehe. Alisema hivyo waziwazi, na mume wangu si mtu wa kusema maneno kwa ajili ya kumpoza mtu. Lakini msamaha wake haumrudishii mguu. Asubuhi nikimsukuma hadi barazani namwona anawafuata kwa macho wakulima wanaopita na majembe, na wengine bado wanasimama kumuuliza dawa ya wadudu. Anawajibu vizuri. Wakishaondoka anakitazama kiti chake, kisha ananiomba maji hata kama hana kiu.

Msimu uliopita yule mama wa mananasi alikuja kututembelea, akaleta mazao ya lile shamba. Mume wangu alimhoji kama zamani. Nafasi kati ya mistari ni hatua ngapi? Majani makavu ya kufunikia ardhi aliyatoa wapi? Mama akajibu kila swali, kisha akasema, "Siku moja utakuja ulione mwenyewe, bwana shamba."

"Nitakuja," akasema.

Nilikuwa jikoni namimina chai. Niliacha kumimina, nikaenda kutafuta daftari tupu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mwenyewe, kwa miguu, nikiwa na daftari. Nilizunguka shamba lote, nikahesabu mistari, nikaandika. Niliporudi nikamsomea yote, pamoja na yale ambayo zamani ningeyaruka nisimtie majonzi, kwamba mistari miwili imenyauka na majani yake yamekuwa mekundu kuanzia nchani.

Akaniuliza hiyo mistari miwili iko upande gani, wa juu au wa bondeni, na nilipoivuta mizizi, ilitoka kirahisi au ilikaza. Nikamwambia sikuivuta, sikujua kwamba inatakiwa kuvutwa.

"Basi kesho," akasema.